Uyoga wa Mstari wa Misindano

Mtu akimletea uyoga uliokatwa kwa kisu, Bwana Misitu alikuwa hautazami. Alimtazama mtu. Alimuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua upande wa Hirbadaw, kisha akamwambia arudi alikoutoa, achimbe, aulete mzima pamoja na udongo wake. Mtu akisema ni mbali, Bwana Misitu alijibu kwamba basi uyoga huo umeamua kubaki huko na si vizuri kuusumbua. Wapo waliomwona ana dharau. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwahi kuniambia kuwa yule mzee hajui lolote kuhusu uyoga, ndiyo maana anawatuma watu mbali ili wasirudi. Mwalimu huyo alikuwa mgeni. Mimi nilimjua Bwana Misitu kabla hajaanza kuwarudisha watu, na naijua siku aliyoanza.

Nilikuwa nesi katika zahanati ya shamba mojawapo la ngano la serikali, kwenye tambarare za Basotu. Yeye hakuwa mtu wa ngano. Alikuwa ameazimwa kutoka wilayani aje kupanda miti ya kukinga upepo, kwa sababu baada ya vichaka vyote kuondolewa, upepo ulianza kuhamisha udongo wa shamba kwenda kwa majirani. Aliazimwa kwa misimu miwili. Alikaa mpaka shamba lenyewe likafa. Nadhani wilayani walimsahau, naye hakuona sababu ya kuwakumbusha.

Nyumba zetu zilipakana. Alikuwa mtu wa milimani, upande wa Mbulu, mrefu, mwembamba, mwenye koti la mvua ambalo alilivaa hata kiangazi. Alisema mifuko yake imekaa vizuri. Kwenye mifuko hiyo alikuwa na kisu, kipande cha kamba, kitambaa, na daima uyoga fulani uliofungwa kwenye jani, ambao mkewe aliukuta siku za kufua. Mkewe alikuwa mama mnene, mpole, aliyekuwa na maneno machache kuliko hata mumewe. Nyumbani kwao ungeweza kunywa vikombe viwili vya chai bila kusikia kitu isipokuwa kuku.

Jambo la kwanza la ajabu juu yake ni kwamba alikuwa mtu wa misitu asiyeona kijani. Macho yake hayakuweza kutenganisha kijani na nyekundu. Jumapili moja alikuja kanisani na soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani. Baadaye nilimuuliza mkewe kama hakumwona akitoka. Alisema alimwona, ila alitaka kujua kama kuna muumini atakayesema. Hakuna aliyesema.

Kwa hiyo, uyoga aliutambua kwa njia nyingine. Wengine wangekwambia mwekundu ni sumu, mweupe ni salama. Yeye alisema rangi ni habari ya kusikia. Aliuvunja uyoga na kuusubiri, aone kama utatoa maziwa. Aliunusa. Alipapasa ngozi ya kofia kama daktari anayepapasa tumbo. Aligeuza chini ya kofia, mahali ambapo uyoga mwingi huwa na vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, akatazama kama kurasa hizo zimeshikana na mguu au zimesimama mbali nao. Halafu aliulaza kifudifudi kwenye karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, akaufunika kwa bilauri ya mkewe, akaenda kazini. Jioni, vumbi la mbegu lilikuwa limedondoka na kuchora duara kwenye karatasi. Vumbi jeupe lilionekana upande mweusi, vumbi jeusi upande mweupe. Ndiyo maana nyumbani kwao wageni walikunywa chai kwa zamu. Bilauri nne kati ya sita zilikuwa kazini.

Tatizo lilikuwa karatasi nyeusi, maana hazikupatikana Katesh wala Mbulu. Siku moja akaja zahanati, akanisalimia vizuri, akaniuliza kama nina picha za eksirei za watu waliopona. Nikamuuliza kwa nini waliopona. Akasema wasiopona huenda ndugu zao wakazihitaji. Nilimpa tatu, zilizoachwa na wagonjwa waliotoka hospitali kubwa. Tangu siku hiyo ukiingia sebuleni kwake uliona uyoga umelala juu ya mbavu za mtu.

Siku hizo za mwanzo alipenda kufundisha, jambo ambalo waliokuja baadaye hawaliamini. Alifundisha vibaya, lakini alipenda. Alikuwa haanzi na habari unayotaka. Ukimuuliza kama uyoga huu unaliwa, alianza na gogo. Alisema msitu usiokuwa na uyoga ungekuwa umezikwa na miti yake yenyewe, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kula mti uliokufa mpaka uwe udongo. Alisema tunachokiona juu ya ardhi ni tunda tu. Mwili wenyewe uko chini, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele, zimeshikana na mizizi. Mti unaupa uyoga chakula, uyoga unaupa mti maji na chumvi za ardhi. Akamaliza kwa kusema kwamba ndoa nyingi haziendi vizuri kiasi hicho. Mkewe alikuwa pale pale akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na idara ya matrekta kuhusu vichuguu. Mchwa wa kule hulima uyoga ndani ya kichuguu, na mvua za kwanza zikinyesha uyoga huo hutokeza nje, mkubwa, mtamu kama kuku. Shamba lilileta katapila kusawazisha vichuguu vyote ili mashine za kuvunia zipite bila kuruka. Bwana Misitu aliandika barua kuomba vibakishwe vichuguu ishirini. Aliorodhesha kila kimoja na mahali kilipo. Meneja alijibu kwamba shamba ni la ngano. Bwana Misitu akaandika tena kwamba analijua hilo, na kwamba barua yake inahusu vichuguu. Hakujibiwa. Katapila lilipopita, alisimama kando na daftari lake akivifuta kimoja kimoja kwenye orodha.

Mwaka uliofuata ngano ilipata kutu. Majani yaliota vidonda vya unga, ukipita shambani suruali inabadilika rangi, ingawa yeye hakuweza kusema imekuwa rangi gani. Ndege ilikuja kupulizia dawa. Akaja pia mtaalamu wa ngano kutoka mjini, akakusanya wafanyakazi wote, akaeleza habari za adui huyu kwa muda wa saa nzima. Mwishoni akauliza kama kuna swali. Bwana Misitu akasimama, akasema hana swali, ana taarifa: kutu ya ngano ni ukoo mmoja na uyoga. Mtaalamu akasema ni kweli, akafurahi kwamba kuna mtu anayejua. Bwana Misitu akaendelea. Akasema ule uliokuwa ukiliwa ulifukuzwa kwa katapila, na sasa ndugu yake amekuja kula. Akakaa. Meneja aliandika kitu, na nadhani hakikuwa kizuri.

Kuhusu dawa, tulikuwa tunagombana. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na nilijua kila kitu. Yeye alikuwa na ule uyoga wa mviringo usio na mguu, mweupe kama yai ukiwa mchanga, ambao ukizeeka unakauka na ukiubonyeza hutoa moshi wa kahawia. Alisema mama mmoja wa Kibarabaig, mfugaji aliyekuwa akipitisha ng'ombe kando ya shamba, alimwonyesha kwamba ule unga huzuia damu. Nilimwambia kwamba hata unga wa sembe ukiweka mwingi utazuia damu, na kidonda kitaoza. Alifikiri, akasema hoja hiyo ni nzuri. Wiki ile ile ng'ombe wake wawili walipigana. Mmoja alichanika ubavuni, mwingine alichanika begani. Alimtibu mmoja kwa uyoga na mwingine kwa dawa yangu ya zambarau, akaandika kwenye daftari kila siku kwa siku kumi na mbili. Wote wakapona siku moja. Aliniletea daftari nilisome. Chini kabisa alikuwa ameandika: "Ng'ombe ni wazima. Hakuna aliyeshinda."

Lakini waganga wa mnadani hakuwavumilia. Katesh, siku ya mnada, alikuwapo mzee mmoja aliyeuza ule uyoga mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo, umbo la sikio. Alikuwa akisaga na kuwapa watu. Bwana Misitu alimuuliza kwa heshima unatibu nini. Mzee akasema unatibu yote. Bwana Misitu akasema wapo wanaouchemsha kwa kikohozi na yeye hana ubishi nao, lakini dawa inayotibu yote ni ile ambayo haijawahi kukutana na mgonjwa. Tukaondoka. Njiani kurudi akaniambia kwamba mwenye kujua uyoga mmoja ana faida, mwenye kujua kumi ana hatari, na mwenye kujua mia anaanza tena kuwa salama. Nilimuuliza yeye anajua aina ngapi. Akasema hamsini na kitu. Nilicheka. Sasa sicheki.

Nirudi kwenye miti yake. Kazi aliyoazimwa kuifanya ni mstari wa misindano, yaani misonobari, upande unaotoka upepo, karibu na nyumba za wafanyakazi. Mara ya kwanza alipanda, miche ikawa myembamba, ya kusikitisha, ikasimama vile vile mwaka mzima bila kufa wala kukua. Akajua kasoro. Misindano ni migeni, na udongo wa kule haukuwa na uyoga wake. Akapanda lori akaenda kwenye shamba la zamani la misindano, mbali, mkoa mwingine, akarudi na magunia ya udongo wa chini ya miti hiyo. Akatia konzi moja kwenye kila mche. Wenzake walimcheka kwamba amesafiri siku mbili kufuata udongo kutoka mahali penye udongo kuja mahali penye udongo. Mwaka wa pili miti ile ilipanda kama moshi. Aliwatembeza wageni pale. Ilikuwa ndiyo mara pekee niliyomwona anajisifu, na hata hivyo aliusifu udongo.

Miaka michache baadaye, chini ya misindano hiyo, ulianza kuota uyoga.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi dereva wa trekta aliyetoka nyanda za juu za kusini, na mkewe na watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Watu wa kwao wanakula uyoga na wanaujua. Mama yule alikuwa anateseka kidogo mahali ambapo majirani waliona uyoga ni chakula cha nyani. Siku moja aliokota kwenye majani ya malisho uyoga mweupe wenye pete shingoni, akaukata, akauleta kwenye uzio wa Bwana Misitu akiwa njiani kwenda kisimani. Bwana Misitu alikuwa anafunga mzigo wa safari ya milimani, kwenye msiba wa kaka yake. Aliugeuza, akatazama kurasa, akanusa. Akamwambia ni mzuri, ale. Na ulikuwa mzuri. Walikula wakashiba, wakalala, wakaamka.

Siku mbili baadaye, Bwana Misitu akiwa bado msibani, mama yule akaona uyoga mwingine mweupe wenye pete shingoni. Safari hii ulikuwa karibu zaidi, chini ya misindano.

Walikula jioni. Alfajiri walinigongea wote wanne, wanatapika na kuharisha. Mganga wetu wa zahanati alikuwa amekwenda Katesh kufuata dawa, nilikuwa peke yangu. Nikawatundikia dripu, nikawapa maji ya chumvi na sukari, nikawalaza. Nilifanya kazi nzuri, nasema hivyo bila kujivuna. Kesho yake asubuhi wote walikuwa wamekaa vitandani wakizungumza. Mvulana aliomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine. Niliandika kwenye rejista, "Wameruhusiwa, hali nzuri," nikaweka sahihi yangu. Nilikuwa nimefurahi. Niliona kwamba nimeokoa watu wanne bila mganga.

Bwana Misitu alirudi mchana wa siku hiyo. Mkewe alimpa habari kabla hajavua koti. Alikuja zahanati na nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, lakini haraka, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akaniuliza walikula saa ngapi. Nikamwambia jioni. Akauliza walianza kutapika saa ngapi. Nikamwambia karibu na alfajiri.

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Wangetapika pale pale mezani, ningekwenda kulala," akasema. "Uyoga unaochelewa ndio unaoua."

Nikamwambia wamepona, wamekwenda nyumbani. Akasema hivyo ndivyo uyoga huo unavyofanya. Unamwachia mtu siku moja ya nafuu, na huku ndani unakula ini. Nilimwona kama mtu anayesoma kitabu ambacho mimi sikupewa chuoni. Nikaenda kutafuta funguo za kabati ili nichukue dripu zilizobaki. Niliporudi alikuwa amesimama mezani.

Tulimkuta mama yule anafua. Dereva alikuwa anajiandaa kwa zamu ya jioni. Bwana Misitu alimwomba mama ampeleke alipochuma. Walikwenda wawili, nami nyuma yao. Kwenye sindano za miti zilizokauka mlikuwa na vishina vilivyobaki ardhini, vilivyokatwa vizuri kwa kisu. Alipiga magoti akachimba kimoja kwa vidole. Chini ya ardhi, mguu wa uyoga ule ulikuwa umekaa ndani ya kitu cheupe laini, kama ganda la yai lililopasuka. Mama yule akasema, taratibu, kwamba hata ule wa kwanza ulikuwa mweupe na ulikuwa na pete.

"Ndiyo," akasema Bwana Misitu. "Nilikwambia habari za juu. Za chini sikukwambia."

Dereva alikataa kwenda hospitali. Alisema hajisikii vibaya, na kwamba akikosa zamu wakati wa kulima atawekewa alama ya utoro. Bwana Misitu hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba yeye ndiye aliyemwambia mkewe ale, kwa hiyo anamwomba amfanyie hisani ya kupanda gari. Dereva akaona aibu, akapanda. Msimamizi wa usafiri naye akasema Landrova haitoki kubeba watu wenye afya wanaotembea, na kwenye fomu kuna sehemu ya kujaza ugonjwa. Bwana Misitu akamwambia, "Andika ni wagonjwa wa kesho." Msimamizi akaandika. Nadhani hakuwa na la kufanya mbele ya uso ule.

Mvua ilikuwa imeharibu njia ya Haydom. Tulikwama mara mbili, na mara zote mbili Bwana Misitu na dereva yule wa trekta wakasukuma pamoja. Tulifika hospitali jioni. Waliwapokea vizuri, wakawafanyia yote yaliyowezekana kwa wakati ule. Siku ya tatu tangu kula, macho ya wote wanne yalikuwa ya njano. Siku ya nne mvulana alifariki. Msichana alitoka baada ya siku kumi, baba baada ya wiki tatu, na mama wa mwisho. Daktari alituambia kwamba kama wangebaki nyumbani siku moja zaidi, huenda asingetoka yeyote. Alisema hivyo kumfariji Bwana Misitu. Bwana Misitu akasema asante.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi uliofuata, aliomba nafasi. Alisema udongo wenye uyoga ule aliuleta yeye mwenyewe kwa gunia. Akasema mama yule alipomletea uyoga, yeye aliutazama nusu akajibu kama aliyeutazama wote. Akaomba misindano ikatwe. Meneja alisema shamba haliwezi kukaa bila kinga ya upepo, na kwamba hakuna anayemlaumu. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilitazama viatu vyangu. Mwenyekiti akasoma ajenda iliyofuata, ambayo ilihusu mabuti ya mvua.

Tangu hapo, kila msimu wa mvua, asubuhi kabla ya kazi, Bwana Misitu alipita mstari wa misindano kutoka mwanzo hadi mwisho na ndoo. Aling'oa kila uyoga mweupe pamoja na lile ganda lake la chini, akaufukia kwenye shimo nyuma ya stoo. Wageni walidhani anavuna. Mwaka mmoja nilimuuliza inasaidia nini, ikiwa mwili wenyewe uko chini, kama alivyotufundisha. Alikiri kwamba haisaidii. Ni sawa na kuchuma maembe ili kuua mwembe. Nikamuuliza sasa mbona anafanya. Akasema, ili mtu akipita asikute embe. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Na dereva na mkewe, walipohamishwa, waliacha mbuzi wao nyumbani kwa Bwana Misitu, jambo ambalo lilisemwa sana, kwa sababu watu walikuwa wanategemea waachane kwa ugomvi.

Baadaye mashamba yalianza kufa. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine, mishahara ikachelewa, watu wakatawanyika. Mimi nilihamia zahanati nyingine, kisha nyingine, mpaka nikastaafu. Yeye alirudi milimani. Kwa miaka mingi sikumwona, na nitasema ukweli, sikumtafuta.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda Dongobesh kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu. Pale harusini mtu mmoja alitaja jina la kijiji chake, nikajua ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Kesho yake nikaenda. Mkewe alikuwa amefariki. Nilimkuta kibarazani, mzee kabisa, anapukuchua mahindi ya mbegu. Nilisema shikamoo, akasema marahaba nesi, kama vile tulionana jana. Mkwewe alituletea chai, akatuacha.

Tulizungumza habari za magoti yake na za mgongo wangu. Kisha nikamwambia nililokuwa nimekuja nalo. Nilimwambia kwamba siku ile mimi ndiye niliyewaruhusu. Kwamba mvulana alilala kitandani kwangu asubuhi ile, na kama ningemzuia na kumtafutia gari, angefika hospitali nusu siku mapema. Kwamba kwenye mkutano alisimama peke yake, na mimi nilikuwapo.

Aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Niliiona rejista," akasema. "Ulipokwenda kutafuta funguo."

Nikamuuliza mbona hakusema, si siku ile, si mkutanoni, si miaka yote ile tuliyokunywa chai.

Aliniuliza mwaka ule nilikuwa na umri gani. Nikamwambia ishirini na mitatu.

Akafikiri kidogo, kama mtu anayehesabu jambo ili asikosee.

"Mimi nilikuwa na hamsini na moja," akasema.

Kisha akausogeza ungo katikati yetu, akanipa hindi, nami nikaanza kupukuchua.